Amana ya Pumzi ya Mfanyakazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila ya kutudai thamani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya hewa moja isiyoonekana, na haki ya mfanyakazi aivutaye.

Wilaya ya Namtumbo yajulikana kwa kilimo. Lakini Julai 2025 ulifunguliwa katika mradi wa Mto Mkuju mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani, na vijana wetu waelekea kazi za aina mpya. Kazi za uchenjuaji, za maabara na za viwanda hutumia asidi za namna nyingi, na kila moja ina hatari yake na kipimo chake. Tumechagua moja iwe mfano, kwa kuwa imo hata majumbani, nayo ni haidrojeni kloraidi.

Hewa hii haina rangi, na harufu yake ni kali yenye kuwasha. Ikiyeyuka katika maji huwa asidi ya haidrokloriki, ambayo husafishia vyuma, na imo katika baadhi ya dawa za vyoo na marumaru. Hutoka pia inapochomwa plastiki ya PVC, kama ile ivikayo nyaya za umeme. Na wako watoto wachomao nyaya ili wapate shaba ya kuuza.

Tazameni hekima ya Muumba. Asidi hiyo hiyo ameijaalia matumboni mwetu isaidie kusaga chakula, na ukuta wa tumbo akauwekea utando wa kuulinda. Mapafu hayakupewa kinga kama hiyo. Hewa hii ikiingia kifuani hukutana na unyevu, ikawa asidi, ikaunguza. Tena mtu aweza kutoka akijiona mzima, na baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji.

Huenda mtu akasema kwamba ana pua, na akisikia harufu atakimbia. Rai hii haitoshi. Sheria ya kazi ya Marekani imeweka mpaka wa sehemu 5 za hewa hii katika sehemu milioni moja, usivukwe hata kidogo. Na sehemu 50 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Wataalamu wa huko wameeleza kwamba penye kiwango cha 5, nusu tu ya watu ndio waisikiao harufu yake. Basi katika wafanyakazi 10, watano waweza kuwa wameufikia mpaka na pua zao zimenyamaza. Tena hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni na katika vyumba vya chini.

Ndiyo maana kupima kukawa wajibu. Karatasi ya litimasi ya buluu, ikiloweshwa, hugeuka nyekundu ikutanapo na asidi. Wanafunzi wayajua hayo. Mvuke wa amonia ukikutana na hewa hii hufanya moshi mweupe, ukaonyesha panapovuja. Lakini hayo hueleza kwamba ipo, wala hayaelezi ni kiasi gani. Kwa kiasi, iko mirija ya kioo yenye dawa ibadilikayo rangi hewa ivutwapo ndani yake, na viko vyombo vya umeme vyenye king'ora, avaavyo mfanyakazi kifuani. Nacho chombo kisichokaguliwa ni shahidi wa uongo.

Mwaka 1863 Uingereza ilivilazimisha kwa sheria viwanda vya magadi kuizuia asilimia 95 ya hewa hii, baada ya kuunguza miti na mazao ya majirani. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Lakini Mwislamu hangoji mkaguzi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba haifai kujidhuru wala kumdhuru mwingine, na kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Basi ewe mwajiri, usimwingize mtu tangini wala shimoni kabla hewa haijapimwa. Ujira umlipao haununui mapafu yake. Ewe mfanyakazi, kuuliza kipimo si woga; na mwenzio akianguka ndani, usimfuate bila ya chombo cha kupumulia, wasije wakazikwa wawili badala ya mmoja. Nanyi wazazi, msichanganye dawa ya choo yenye asidi na dawa ya kung'arishia nguo, kwani hutoa klorini, hewa nyingine yenye sumu. Na wazuieni watoto kuchoma nyaya.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watafutao riziki ya halali, uwarudishe kwa watu wao wakiwa wazima, na utujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwa ajili yetu na yenu. Amin.