Kuuza Jina la Intaneti kwa Kadi bila Kupata Hasara

Leo tutazungumza juu ya kuuza jina la kikoa, yaani lile jina ambalo watu huliandika katika kompyuta au simu ili wafike kwenye tovuti fulani, nalo huishia kwa .com, au .co.tz, au .co.ke. Swali letu ni hili: mnunuzi akitaka kulipa kwa kadi ya mkopo, muuzaji afanye nini ili asipoteze jina na fedha pamoja?

Kwanza tuijue bidhaa yenyewe. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikishwa nchini Marekani tarehe 15 Machi, 1985. Tangu wakati huo majina haya yamekuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa. Mengine kwa dola chache, mengine kwa maelfu. Jina halina uzito, halipakiwi melini, wala halipiti forodhani. Limeandikwa tu katika daftari la kampuni iitwayo msajili. Ikiwa muuzaji na mnunuzi wote wana akaunti kwa msajili mmoja, jina laweza kutoka mkono huu kwenda mkono ule kwa dakika chache. Wakiwa na wasajili mbalimbali, muuzaji humpa mnunuzi neno la siri la uhamisho, na neno hilo ndilo ufunguo wa mali.

Sasa tuitazame kadi. Mwaka 1958 Bank of America ilianza kutoa kadi zake katika mji wa Fresno, California, na mwaka 1976 kadi hiyo ikapewa jina la Visa. Katika malipo ya kadi wamo wanne: mwenye kadi, benki iliyompa kadi, muuzaji, na benki ya muuzaji. Mnunuzi akiandika namba za kadi, jibu la "imekubaliwa" hurudi kwa sekunde chache. Wauzaji wengi hudhani kwamba jibu hilo maana yake fedha zimekwisha kuwa zao. Sivyo. Maana yake ni kwamba kadi haijafungwa, na kwamba kiasi hicho cha fedha chaweza kutolewa. Halisemi kwamba aliyeandika namba ndiye mwenye kadi.

Tena, mwenye kadi ana haki ya kuiambia benki yake, "Sikununua kitu hiki," au, "Nililipa lakini sikupewa." Haki hiyo ni njema, maana humlinda aliyeibiwa. Nchini Marekani imo katika sheria tangu mwaka 1974. Na kwa kanuni za Visa na Mastercard, muda wa kudai kwa kawaida hufika siku 120. Benki ikikubali dai, fedha huondolewa katika akaunti ya muuzaji, na mara nyingi hutozwa ada juu yake.

Tuchukue mfano. Mtu wa Mwanza auza jina kwa dola 800. Mnunuzi asema yuko Chicago, habishani juu ya bei, na Jumatatu alipa kwa kadi. Jioni ileile apewa jina. Wiki tano baadaye, mwenye kadi wa kweli atazama hesabu zake na kuona dola 800 asizozijua. Benki yake yamrudishia. Jina nalo limekwisha uzwa tena kwa mtu mwingine, na msajili hana kazi ya kuamua ugomvi wa fedha kati ya watu. Mtu wetu hana jina, hana fedha, na ada bado yamngoja.

Mmeiona hatari ilipo? Jina huenda kwa dakika, lakini fedha zaweza kudaiwa kwa miezi. Basi mashauri yetu yote ni ya kuziba pengo hilo.

Jambo la kwanza: usipokee namba za kadi kwa mkono wako. Usimwambie mnunuzi azitume kwa barua pepe au kwa simu. Mpeleke kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, namba ziandikwe huko. Zile namba tatu za usalama zilizo nyuma ya kadi haziruhusiwi kuwekwa na muuzaji yeyote baada ya malipo kuidhinishwa.

Jambo la pili: iombe kampuni ya malipo iutumie utaratibu uitwao 3-D Secure. Hapo benki iliyotoa kadi humwuliza mteja wake yenyewe, pengine kwa namba inayotumwa katika simu yake. Malipo yaliyothibitishwa hivyo yakidaiwa baadaye kuwa ya wizi, kwa kawaida hasara huichukua benki ile. Lakini ngao hiyo haizuii dai la "sikupewa nilichonunua."

Jambo la tatu: kwa jina la thamani kubwa, tumieni mshika amana. Mnunuzi humlipa yeye. Mshika amana akithibitisha kwamba amepokea, ndipo muuzaji ahamishe jina. Mnunuzi akikiri kulipata, muuzaji hupewa fedha zake. Escrow.com ya Marekani imefanya kazi hii tangu mwaka 1999. Lakini jihadhari: wezi hutengeneza tovuti zinazofanana na za washika amana. Andika anwani mwenyewe. Usifuate ile uliyoletewa na mnunuzi.

Jambo la nne: tazama dalili. Mnunuzi mwenye haraka kupita kiasi, au jina lake halilingani na la kwenye kadi, au alipa zaidi ya bei kisha ataka ziada itumwe kwa mtu mwingine, huyo usimpe jina. Mrudishie malipo kwa kadi ileile, kwisha.

Jambo la tano: weka maandishi. Hifadhi mapatano ya bei, barua zenu zote, na taarifa ya msajili yenye tarehe na saa ya uhamisho. Dai likija, benki itakupa siku chache za kujibu, nayo itaamua kwa karatasi, si kwa maneno. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kuagana, vikundi vya wasikilizaji vizungumze juu ya maswali haya. Je, jibu la "imekubaliwa" lamhakikishia muuzaji nini, na halimhakikishii nini? Katika mfano wetu, yule mtu wa Mwanza angalifanya nini siku ya Jumatatu? Na kwa nini haitoshi kumtegemea msajili?