Kompyuta Kuukuu Yenye Kumbukumbu Ndogo: Linux Nyepesi Kabla ya Kuitupa

Yafuatayo ni mazungumzo ya elimu kwa umma, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa kata wanaomiliki, au wanaokusudia kununua, kompyuta mpakato za zamani.



Katika nyumba nyingi ipo kompyuta mpakato iliyolala juu ya kabati. Ilinunuliwa ikiwa mtumba, au iliachwa na ndugu aliyehamia mjini, au ni mali ya kikundi cha kukopeshana kilichokuwa kikiandikia humo hisa na marejesho ya wanachama. Ikiwashwa, mwenyewe huweza kuteka maji na kurudi kabla haijakubali kufungua waraka mmoja. Fundi ameitazama, ametikisa kichwa, na ametamka kuwa imekufa; afadhali iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kioo kinaonyesha, kibodi inaandika, kichakataji kinafanya kazi ileile kiliyoifanya siku kilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo kinaotwishwa.

Ili kuuelewa mzigo huo, mtu na afikirie karakana ya fundi cherehani. Ipo meza anayokatia vitambaa na ipo stoo ya uani anamohifadhi majora. Katika kompyuta, meza ni kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM. Stoo ni diski kuu. Meza ikiwa ndogo na vitambaa vikawa vingi, fundi hulazimika kutoka kila mara kwenda stoo kuweka hiki na kuchukua kile, na siku huisha kwa kutembea badala ya kushona. Ndivyo inavyofanya kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 inapoendeshwa na mfumo uliobuniwa kwa ajili ya gigabaiti 4 au 8. Ule mwanga wa diski usiokoma kuwakawaka ni nyayo za fundi anayekwenda stoo.

Mashine zinazozungumziwa hapa ni zile za miaka ya 2003 hadi 2010 hivi, zikiwamo zile ndogo zilizoenea kuanzia mwaka 2008, ambazo nyingi zilikuja na kichakataji cha Intel Atom na gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Zilitoka na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, au Windows 7, iliyofikia kikomo tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na kifaa maalumu cha usalama ambacho mashine hizo hazina. Mfumo usiohudumiwa huendelea kuwaka, lakini matundu ya usalama yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi tena. Anayefungulia humo barua pepe au akaunti yake ya benki amelala mlango wazi.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa na kichakataji cha aina ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Kompyuta kuukuu ya leo yenye megabaiti 512 inaishinda hiyo mara 128. Mwaka 1992 kazi hiyo iliwekwa chini ya leseni huria, na tangu hapo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila kulipa. Jambo hili si dogo. Nakala nyingi za Windows zinazowekwa vibandani ni za wizi, na baadhi huja na virusi tangu siku ya kwanza. Mkazi mmoja akipakua Linux kwa kifurushi chake cha intaneti, mtaa mzima unaweza kunakili kutoka kwake, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Linux hutolewa kwa sura nyingi, na si zote ni nyepesi. Hili huwapotosha wengi. Mtu husikia sifa za Ubuntu, mfumo uliozinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina linalolingana na neno letu utu, akauweka kwenye mashine ya gigabaiti 1, kisha akaiona ikikwama kuliko mwanzo. Akasema Linux haifai. Kumbe alihamisha mzigo ule ule akabadilisha gunia. Kinachotakiwa kwa mashine dhaifu ni toleo lililopunguzwa mapambo: madirisha yasiyo na vivuli wala vionjo vya kuelea, na huduma chache zinazojiwasha zenyewe.

Kabla ya kuchagua toleo, mwenye mashine anapaswa kujua mambo mawili: ukubwa wa kumbukumbu, na iwapo kichakataji ni cha biti 32 au 64. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha Pause hufungua ukurasa unaotaja kiasi cha kumbukumbu na jina la kichakataji. Tahadhari inahitajika kidogo: maneno ya biti 32 yanayosomeka hapo yanaweza kuwa yanaeleza Windows iliyowekwa, si uwezo wa kichakataji chenyewe. Fundi mwaminifu atalitafuta jina la kichakataji na kuthibitisha. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa dunia inaziacha mashine za biti 32 hatua kwa hatua. Ubuntu na jamaa yake mwepesi, Lubuntu, havitengenezwi tena kwa ajili yake. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, bado inaweza kusimikwa kwenye mashine hizo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kusimika ya biti 32. Hata kiini cha Linux kiliacha kuhudumia kichakataji cha 386, kile kile alichoanzia Torvalds, katika toleo la 3.8 la mwaka 2013.

Kwa mashine ya biti 32 yenye megabaiti 512 hadi gigabaiti 1, chaguo linalostahili kujaribiwa kwanza ni antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12. Haina sura ya kuvutia, na menyu zake zinahitaji subira ya siku mbili tatu, lakini ikiwa imetulia bila programu iliyofunguliwa kwa kawaida haili zaidi ya megabaiti 300. Ipo pia Puppy, iliyoanzishwa nchini Australia na Barry Kauler mwaka 2003. Hiyo hujipakia yote ndani ya kumbukumbu na huweza kuishi kwenye flashi bila kugusa diski. Ina kasi ya kushangaza. Hata hivyo, kwa kawaida humpa mtumiaji mamlaka yote ya mfumo, hivyo haifai kwa mashine ya ofisi au ya kikundi inayoshikwa na mikono mingi. Mwenye gigabaiti 2 na kichakataji cha biti 64 ana uwanja mpana zaidi: Debian yenye mazingira ya Xfce au LXQt itamtosha, nayo itahudumiwa kwa miaka mingi.

Watu wengi wakishafika hapo hudhani kazi imekwisha. Bado lipo tatizo kubwa kuliko mfumo wenyewe, nalo ni kivinjari cha intaneti. Kurasa za leo zimejaa picha, video na programu ndogo zinazojiendesha, na ukurasa mmoja tu waweza kula kumbukumbu zaidi ya antiX nzima. Hakuna mfumo endeshi utakaoponya hilo. Mashine ya gigabaiti 1 itasoma matokeo ya NECTA, itafungua barua pepe na kupakua fomu, ikiwa ukurasa mmoja tu ndio umefunguliwa na mtumiaji hana haraka. Yenye gigabaiti 2 itamwezesha kijana kujaza maombi ya mkopo wa HESLB au kazi za serikali bila kukata tamaa. Mikutano ya video isahauliwe. Simu ya mkononi hufanya hivyo vizuri zaidi. Google iliacha kutoa Chrome kwa Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox nayo inaliacha kundi hilo. Mashine ya biti 32 basi isitegemewe kwa miamala ya fedha mtandaoni miaka ijayo, hata ikiwa na Linux safi kiasi gani.

Heshima yake iko katika kazi za nje ya mtandao, na kazi hizo si chache: kuandika barua na mihtasari ya vikao, kutunza daftari la kikundi, kujifunza kuchapa, kusoma vitabu na mitihani iliyopita, kuanza kujifunza kuandika programu. AbiWord na Gnumeric hufunguka upesi na hazichoshi kumbukumbu. LibreOffice ni nzito kidogo, lakini hufungua nyaraka za Word na Excel kwa uaminifu zaidi. Ina nasaba na nchi hii pia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake baadaye. Majedwali yenye amri za kujiendesha zilizoandikwa kwa ajili ya Excel yanaweza kugoma, na programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee haitawaka. Mfanyabiashara anayeitegemea programu ya namna hiyo asihame kabla ya kujiridhisha.

Linalofuata ni zito kuliko yote. Kusimika mfumo mpya juu ya diski nzima hufuta kila kilichokuwamo. Daftari la kikundi la miaka mitano, picha za mazishi ya mzazi, barua za umiliki wa kiwanja zilizoskaniwa: vyote huondoka ndani ya dakika chache, na fundi hana namna rahisi ya kuvirudisha. Mwenye mashine na anakili faili zote kwenye flashi au diski ya nje, kisha azifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha kuwa zinasomeka. Kunakili bila kufungua hakutoshi. Kwa mali ya kikundi, katibu na mweka hazina washuhudie pamoja, na orodha ya hisa ichapishwe kwenye karatasi kwanza. Fundi atakayeichukua mashine bila kuuliza habari za faili anyang'anywe kazi hiyo.

Habari njema ni kwamba mfumo huweza kujaribiwa bila kusimikwa. Flashi ya gigabaiti 4 inatosha. Huandaliwa kwenye kompyuta nyingine kwa programu kama Rufus, ambayo hufuta kilichokuwa ndani ya flashi hiyo, kisha mashine huwashwa huku kitufe cha F12, F2 au Esc kikibonyezwa, kulingana na kampuni iliyoitengeneza, ili ichague kuanzia kwenye flashi. Mashine kongwe zaidi hazijui kuanzia huko, nazo huhitaji diski ya DVD. Linux ikishawaka, mtumiaji ajaribu sauti, kibodi, mwanga wa kioo na hasa Wi-Fi, maana baadhi ya kadi za Wi-Fi hudai programu ya ziada isiyokuwamo. Hapo huwa inafaa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kushirikisha intaneti yake hadi programu hiyo ipakuliwe. Asiporidhika, huzima na kuchomoa flashi. Windows yake ataikuta ilivyokuwa, mradi hakugusa chaguo la kusimika.

Akisharidhika na kusimika, lipo jambo moja linalosaidia sana mashine zenye kumbukumbu ndogo, nalo huitwa zram. Badala ya kupeleka stoo vitambaa visivyotumika kwa sasa, huvikunja na kuvishindilia pembeni mwa meza ile ile. Kichakataji hutoa jasho kidogo zaidi, lakini safari za stoo hupungua. Mwenye fedha kidogo ataona tofauti kubwa zaidi akiongeza kipande cha kumbukumbu cha mtumba kinachooana na mashine yake, au akibadilisha diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka, iwapo mashine inatumia viunganishi vya SATA. Zile za zamani zaidi zina kiunganishi cha IDE, na gharama ya kuhangaika nazo haistahili.

Kuhusu betri, iliyovimba itolewe mara moja na isitumike tena, isitobolewe, wala isichomwe pamoja na takataka za nyumbani. Nyingi ya mashine hizi zina betri ya kuchomoa, nazo hufanya kazi kwa chaja pekee bila betri. Umeme ukikatika zitazimika papo hapo, hivyo anayeandika muhtasari wa kikao aihifadhi kazi yake kila baada ya aya.