Wapagazi wa Tabora: maneno kwa familia zilizokuja siku ya 30 Juni



Aksanti kwa kuacha kazi za nyumbani na kuja pamoja na watoto siku hii ya uhuru. Wamoja kati yenu wameuliza: "Mulituambia mutaonyesha mapigano ya Tabora. Sasa bunduki ziko wapi?" Swali ni la haki, tunalijibu mbele ya wote.

Tumekataa bunduki kwa kusudi, hata za miti. Kati ya watoto wanaokaa hapa mbele, kuko waliofika mjini mgongoni mwa mama, wakikimbia masasi. Hatuwezi kuwachezesha na kitu kilichowafukuza kwao.

Lakini kuko sababu ya pili, na hiyo njo kubwa. Mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji, Force Publique, liliondoka upande wetu huu, likapita Rwanda na Burundi, likipigana na Wajerumani. Tarehe 19 Septemba likaingia Tabora, katika Tanzania ya leo. Vitabu vinamtaja Jenerali Charles Tombeur. Ubelgiji ilimpa cheo cha baron na jina la Tabora juu yake, na sanamu yake iko Saint-Gilles, Bruxelles.

Sasa munisikilize. Askari waliopigana walikuwa Waafrika. Na nyuma ya askari kulikuwa wapagazi, ambao wanahistoria wanawahesabu karibu 260,000. Walibeba chakula, masanduku ya masasi, vyombo vya wakubwa. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa na uchovu. Nani hapa anaweza kutaja jina la mmoja wao tu?

Njo maana mumeona vijana wetu wakizunguka uwanja na mizigo kichwani. Mmoja anaanguka, mwengine anaokota mzigo wake, safari inaendelea. Kwa mababu zetu wengi, mapigano ya Tabora yalikuwa hiyo.

Tena, kila mtu wa Bukavu anajua Camp Saio. Saio ni mahali Ethiopia. Tarehe 3 Julai 1941, Waitaliano wa Jenerali Gazzera walijitoa pale mikononi mwa Force Publique. Sisi tunaita Saio kila siku, lakini mtoto anafikiri ni jina la kushukia taxi tu. Jina la mapigano tulibaki nalo, majina ya watu wetu yakapotea.

Wazazi, ubebaji huu haujaisha. Katika vijiji vyetu, watu wa silaha wanakamata bado vijana na wamama, wanawabebesha mali waliyonyang'anya. Mwengine anarudi, mwengine harudi. Nani anaandika majina yao? Kama hatuandiki, hata kesho kutabaki jina la jenerali peke yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Wazazi: leo mangaribi, muulize wazee wa nyumbani nani katika jamaa alibebeshwa mizigo, zamani au juzi. Muandike jina, kijiji na mwaka kama unajulikana.

Walimu: mukifundisha Tabora na Saio, mufundishe wapagazi pamoja na majenerali.

Wakubwa wa Leta: kumkamata raia na kumbebesha mzigo kwa nguvu ni kosa, hata mwenye kufanya vile akiwa na uniforme. Mupokee malalamiko, muyaandike, mufanye uchunguzi, na waliofanya wapelekwe mbele ya sheria.

Sisi vijana tunaanzisha daftari leo, iko pale kwenye meza karibu na mlango. Mwenye jina alilete. Asiyejua kuandika, tutamuandikia. Mwenye kuogopa kwa usalama wa jamaa yake, aseme, jina litafichwa.

Muende salama na watoto. Tuko pamoja.