Injinia Aliyechimba Chini ya Mto
(Hotuba iliyotolewa baada ya chakula cha jioni, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya maisha ya uhandisi, nadhani alitaka niwasimulie habari zangu mwenyewe. Mimi nimetengeneza barabara kwa miaka zaidi ya thelathini. Barabara hizo mnazipita, na mashimo yake mnayajua kuliko mimi. Kwa hiyo nimeona heri niwaletee mtu mwingine, ambaye nilikutana naye hapa hapa shuleni.

Wale wa darasa langu watalikumbuka kabati la vitabu lililokuwa karibu na mlango wa bwalo. Ndani yake kilikuwamo kitabu juu ya mahandaki, pembe zake zimeliwa na mchwa. Humo ndimo nilimomkuta Marc Isambard Brunel. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya mwanawe, Isambard Kingdom Brunel, mjenzi wa reli na meli za chuma. Mimi nampenda baba.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1769 katika kijiji cha Hacqueville, Normandy, nchini Ufaransa. Baba yake alitaka awe padre. Kijana akaenda zake baharini. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, yeye alikuwa upande wa mfalme, tena hakujua kuuzuia ulimi wake. Mwaka 1793 ikambidi akimbilie Marekani. Nyuma yake, mjini Rouen, alimwacha mpenzi wake, msichana yatima wa Kiingereza aitwaye Sophia Kingdom. Kwa kuwa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, binti huyo akakamatwa na kufungwa katika nyumba ya watawa, kila siku akingoja kuitwa kwenda kukatwa kichwa. Aliachiliwa mwaka 1794, baada ya Robespierre kuanguka.

Huko New York, Marc alifanikiwa hata akawa mhandisi mkuu wa mji. Mwingine angalikwisha oa huko huko na kusahau. Yeye alivuka bahari mwaka 1799, akamkuta Sophia London, wakafunga ndoa tarehe 1 Novemba mwaka ule ule. Walikuwa wameachana miaka sita.

Alikuja pia na fikra ya mashine za kutengenezea kapi. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa kapi ni nini. Pasipo kapi tanga halipandi. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kapi kama laki moja kila mwaka. Mashine za Brunel, zilizoundwa na fundi hodari Henry Maudslay na kufungwa Portsmouth, zilitoa kapi 130,000 katika mwaka 1808, na watu kumi wakafanya kazi ya watu 110.

Lakini fedha, ndugu zangu, zilikuwa hazikai mikononi mwake. Aliwaona askari wakirudi vitani miguu imefungwa matambara, akajenga kiwanda cha viatu. Vita vikaisha mwaka 1815, viatu vikabaki vimerundikana. Kiwanda chake cha kupasulia mbao kilikuwa kimekwisha kuungua mwaka uliotangulia. Mwezi Mei 1821 akatiwa gerezani kwa ajili ya madeni. Siku zile jamaa wa mdeni waliruhusiwa kukaa naye, na Sophia, aliyekwisha kuonja kifungo cha Ufaransa, akaingia gerezani kwa hiari yake kukaa na mumewe. Walikaa humo kwa karibu miezi mitatu, hata Brunel alipoanza kuandikiana na mfalme wa Urusi juu ya kwenda kumtumikia. Ndipo serikali ya Uingereza ikashtuka, ikatoa pauni 5,000, naye akafunguliwa.

Hapa sharti niseme neno langu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa nikiwa kambini, maili mia mbili kutoka nyumbani, na mvua imeikata barabara ile ile niliyokuwa naitengeneza. Nilimwona akiwa na siku arobaini na tatu. Nilijiambia kwamba ndivyo kazi inavyotaka, na wengi kati yetu hapa tumejiambia hivyo hivyo. Kila niisomapo habari ya gereza lile, neno hilo hunikwama kidogo.

Sasa tuje kwenye handaki. Watu walikwisha jaribu kuchimba chini ya Mto Thames wakashindwa, kwa kuwa udongo wake ni laini na maji hupenya. Mwalimu wa Brunel alikuwa yule mdudu wa baharini atoboaye mbao za vyombo, ambaye kwa ajili yake mafundi wetu hupaka majahazi deheni. Mdudu huyo ana magamba magumu kichwani. Hukereza mbao, na kila asogeapo huupaka ukuta wa tundu lake chokaa aitoayo mwilini. Brunel akafanya vivyo hivyo kwa chuma. Aliunda ngao ya fremu 12, kila moja ya ghorofa tatu, yaani vyumba 36, na mchimbaji mmoja katika kila chumba. Mchimbaji huondoa ubao mmoja mbele yake, huchimba inchi chache, huurudisha ubao. Zikiisha mbao zote, fremu husukumwa mbele kwa jeki, na waashi walio nyuma hujenga matofali papo hapo.

Kazi ilianza mwaka 1825. Maji machafu ya mji mzima yalidondoka vichwani mwa watu, hewa ikawa ya sumu, homa ikaenea. Msimamizi wa kazi alikuwa mwanawe Isambard, aliyeshika cheo hicho akiwa kijana wa miaka ishirini. Tarehe 18 Mei 1827 mto ukaingia ndani. Wakaliziba tundu kwa mifuko ya udongo, wakatoa maji, na mwezi wa Novemba wakafanya karamu humo humo handakini, bendi ikipiga na wachimbaji wakila. Tarehe 12 Januari 1828 mto ukaingia tena. Watu sita wakafa, na Isambard akatupwa juu na maji, ameumia vibaya, lakini hai. Fikirini baba aliyemweka mwanawe pale.

Fedha zikaisha, handaki likazibwa kwa ukuta, kimya miaka saba. Kazi ilirudiwa mwaka 1835 kwa mkopo wa serikali. Mwaka 1841 malkia akampa cheo cha Sir. Mwaka uliofuata akapatwa na kiharusi. Hata hivyo, tarehe 25 Machi 1843, mzee wa miaka 73, aliliona handaki lake likifunguliwa: futi 1,300, la kwanza duniani kupita chini ya mto mkubwa. Magari ya farasi yaliyokusudiwa hayakupita kamwe, maana fedha za kujenga njia za kuteremkia hazikupatikana. Waliingia watu wa miguu, kwa peni moja. Treni zilianza mwaka 1869, na hata leo zinapita humo, kati ya Wapping na Rotherhithe.

Siku chache baada ya ufunguzi, Isambard alikuwa akiwafanyia watoto wake mazingaombwe, akameza sarafu ya dhahabu ikakwama katika njia ya pumzi. Madaktari wakahangaika wiki kadhaa. Mzee akashauri mwanawe afungwe kwenye ubao na kupinduliwa kichwa chini. Wakafanya hivyo, na sarafu ikaanguka. Katika kazi zote za Brunel hii ndiyo niipendayo zaidi, ingawa haimo katika vitabu vya uhandisi.

Alifariki London tarehe 12 Desemba 1849, umri wa miaka 80. Sophia alimfuata mwaka 1855.

Mke wangu ameketi pale, meza ya tatu. Mkitaka habari za miaka yangu ya kambini muulizeni yeye, maana mimi nitazipamba.