Chuo Gani Tukichague?



Kijana wetu akikubaliwa na Georgetown na Notre Dame, vyuo vikuu vya Kikatoliki vyenye sifa kuu huko Marekani, twamshauri nini? Wengi wetu twatazama jina tu. Lutu naye alichagua kwa macho: aliliona bonde lenye maji tele, asiulize jirani zake watakuwa watu gani.

Majina haya yana historia. Georgetown kilianzishwa mwaka 1789. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo hicho. Mwaka 2017 chuo kiliomba radhi hadharani mbele ya wazao wao. Notre Dame kilianzishwa mwaka 1842. Jengo lake kuu liliteketea Aprili 1879, na kufikia Septemba wanafunzi walikuwa wakisoma katika jengo jipya.

Basi tusivichague vyuo kana kwamba jina halina doa wala halijapita motoni. Tumwulize kijana: Karo itatoka wapi, bila wadogo zako kukosa shule? Utaabudu na nani siku ya Bwana? Elimu hiyo itamfaa nani?

Abramu aliachiwa nchi isiyovutia macho, na Mungu akasema naye huko huko. Tukiisha kuuliza hayo, tuombe, kisha tuchague bila hofu.

Mungu awabariki. Amina.