Njia ya Mwalimu wa Sheria ya Mataifa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeniagiza niseme juu ya ombi lililozua maneno mengi: kijana wetu, aliye mwaka wa pili katika masomo ya sheria, ataka kuwa mwalimu wa Sheria ya Mataifa katika Chuo Kikuu, naye aomba msaada wa Mfuko wetu wa Elimu. Mzee mmoja aliuliza, "Sheria hiyo humlisha nani?" Swali hilo ni la haki.

Sheria ya Mataifa ndiyo ihusuyo mambo ya serikali na serikali: mipaka, bahari, mikataba, wakimbizi na vita. Kenya na Somalia ziliposhindania mpaka wa baharini, hukumu ilitolewa The Hague mwaka 2021. Katika mashauri ya namna hiyo, mara nyingi wasemaji huwa walimu wa vyuo vikuu.

Mtazameni Taslim Olawale Elias wa Nigeria, aliyezaliwa Lagos mwaka 1914. Alikuwa mtumishi wa reli (wazee waliofanya kazi katika reli yetu watafurahi kusikia hayo) huku akisomea mitihani ya Chuo Kikuu cha London angali kwao. Baadaye alivuka kwenda Uingereza, na mwaka 1949 akapata udaktari wa sheria. Aliandika kitabu juu ya sheria za mila za Kiafrika, akawa Mwanasheria Mkuu wa Nigeria mwaka 1960, kisha profesa Lagos, kisha Jaji Mkuu. Mwaka 1982 alichaguliwa Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hesabuni miaka: tangu udaktari hadi kiti hicho ni miaka 33. Asiyeweza kungoja asiiweke fedha yake hapa.

Sasa, mlango wa masomo ya juu. Kwanza hutakiwa digrii ya sheria, tena ya daraja njema. Vyuo vingi hutaka daraja ya pili ya juu. Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Daraja hiyo hutokana na alama za miaka yote, na mwanafunzi afukuzwaye darasani kwa ajili ya karo huipoteza, wala hakuna barua ya chifu iwezayo kuirudisha. Pia hutakiwa hati za matokeo na barua za walimu wamjuao kweli. Kwa udaktari huongezwa andiko la utafiti, na profesa aliye tayari kumwongoza. Vyuo vingine vya ng'ambo hudai hata mtihani wa Kiingereza, ingawa mtu amefundishwa kwa lugha hiyo tangu utoto wake!

Tena ieleweke kwamba digrii ya uzamili haimfanyi mtu kuwa wakili. Atakaye uwakili hapa Kenya hupitia Chuo cha Sheria cha Kenya.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaotaka tumchangie nauli ya ndege, pamoja na karamu ya kumwaga. Barua ya kumkubali haijaandikwa bado. Naomba Mfuko ulipe karo ya mwaka wake wa tatu na wa nne, kwa wakati, mwanzo wa kila muhula. Hati zake za matokeo ziko mezani kwa Bwana Katibu, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuzisoma kabla ya kura kupigwa.