Fundi wa Mapenzi na Fundi wa Kazi

(Haya ni maneno ya hotuba kwa mafundi na wenye misumeno ya injini wa Migori na Homa Bay.)



Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria twaujua ukweli wa maneno hayo, kwani kila mashua itokayo Mbita au Muhuru imeundwa kwa mbao, na kila ubao ulitoka katika mti uliokatwa na mtu. Siku hizi mti hukatwa kwa msumeno wa injini, na msumeno huo nao una fundi wake. Leo nitasema habari za fundi huyo nikimlinganisha na fundi wa bunduki, ili tupambanue kati ya mtu atengenezaye kitu kwa kupenda tu, na mtu aifanyaye kazi hiyo kuwa riziki yake.

Tuanze na bunduki. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo yule mnyama aitwaye korongo, ambaye katika Kenya nzima huishi porini katika Ruma tu, kwenye bonde la Lambwe, hutazamwa kwa macho wala halengwi shabaha. Hata hivyo bunduki za raia zingaliko, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka mwenye bunduki awe na cheti, na mwenye kufanya biashara ya kutengeneza bunduki awe ameandikishwa. Mtu mwenye tupa na mivuo hana ruhusa, hata mkono wake ukiwa hodari namna gani.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini sheria imfungie mlango fundi hodari?" Jibu ni hili. Baruti ikiwaka ndani ya mtutu husukuma pande zote kwa nguvu kubwa mno. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, watu wameyajua magobore tangu zamani, na mengine yalifanyizwa na wahunzi kwa mabomba. Bomba la maji liliundwa kuchukua maji, halikuundwa kuchukua mshindo wa baruti. Likipasuka, hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Tena fundi akikwaruza kifyatulio kidogo tu kwa tupa ili kiwe chepesi, bunduki yaweza kulia ikiangushwa chini. Kosa ni la fundi, lakini mauti ni ya mwingine.

Sasa tuutazame msumeno. Huu twaununua dukani, na jioni hiyo hiyo jirani aufungua kwa bisibisi. Lakini msumeno nao ni kitu cha kuua. Injini ikienda kwa nguvu zake zote, mnyororo hupita kiasi cha mita 20 kwa sekunde moja. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo, msumeno huruka nyuma kumwelekea mwenye kuushika, kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo sababu ukawekewa breki ya mnyororo.

Fundi asiyefundishwa hufanya makosa manne ambayo ni ya kawaida. La kwanza, huiondoa breki hiyo kwa kuwa yamsumbua mteja. La pili, hukata mno vile vituo vidogo vilivyo mbele ya kila jino ili msumeno ule mti upesi. Jino likauma kupita kiasi, na msumeno ukazidi kuruka. La tatu, hukaza kabureta mpaka petroli inakuwa haba. Injini hulia kwa nguvu siku chache, kisha pistoni huungua. La nne, hukadiria mafuta kwa macho. Injini nyingi za namna hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya mafuta yake maalumu, yaani mililita 20 kwa kila lita moja. Tena kila mwenye msumeno na asome kitabu cha msumeno wake.

Nisieleweke vibaya. Simdharau fundi wa mapenzi. Mafundi wengi wa kazi walianza hivyo, wakifungua redio na baiskeli za baba zao. Tena fundi wa mapenzi ana kitu kimoja ambacho mara nyingine fundi wa kazi hana, nacho ni nafasi. Hafukuzwi na foleni ya wateja. Aweza kukaa jioni nzima akinoa jino moja moja kwa tupa ya mviringo, mpaka yote yalingane. Nimewaona watu wa kulipwa wafanyao kazi mbaya kuliko hiyo.

Basi tofauti haiko katika mkono, wala haiko katika fedha. Tofauti iko katika dhamana. Fundi wa mapenzi akikosea msumeno wake mwenyewe, hasara ni yake. Siku apokeapo msumeno wa mtu mwingine, ameupokea mguu wa mtu huyo na chakula cha watoto wake. Tangu siku hiyo yampasa kuwa na desturi za fundi wa kazi, hata asipopokea senti moja.

Desturi hizo si ngumu. Ajaribu breki kabla ya kuurudisha msumeno. Ahakikishe kwamba injini ikinguruma polepole, mnyororo hauendi. Aandike alichofanya na tarehe yake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na likimshinda jambo, aseme, "Hili siliwezi." Atakaye kuendelea na ajifunze katika vyuo vya ufundi vya kaunti, akafanye na mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Ama kwa bunduki, shauri langu ni fupi: usiiguse. Mpeleke mwenyewe kwa fundi aliyeandikishwa.

Nanyi wenye misumeno, mkimpelekea fundi kazi, msimwulize bei peke yake. Mwulizeni pia, "Je, breki umeijaribu?" Akikasirika, chukueni msumeno wenu mwende zenu. Akiwaonyesha, mlipeni kwa moyo mweupe, kwani mmenunua kurudi nyumbani salama.